Tulivyokosea Kuunda Karatasi ya Alama

Mwaka 2023, wakati wa mazoezi ya kufundisha, mwanachuo wetu mmoja aliyepangiwa shule ya msingi wilayani Bahi alijiwa na mama mzazi mwenye karatasi ya mtihani wa majaribio wa Darasa la Saba. Masomo yalikuwa sita, kila moja alama 50. Karatasi ilisema: jumla 102, wastani 17, daraja D.

"Mwanangu mwalimu," alisema yule mama, "nimezijumlisha kwa kijiti hapo chini ya mbuyu, mara tatu. Zinakuja mia mbili na moja."

Alama zenyewe zilikuwa 38, 41, 22, 31, 36 na 33. Mama alikuwa sahihi. Wastani ulikuwa 33.5, na daraja B. Lakini mtoto alikuwa amekwisha kuambiwa na baba yake aache daftari, akachunge ng'ombe.

Ni rahisi kumlaumu mwanachuo aliyegeuza tarakimu. Sisi twasema kosa lilikuwa letu, maana programu ile ya Python tuliiandika sisi. Kilasi yake (twaiita hivyo isichanganywe na darasa la ubao na chaki) ilikuwa na konstrakta, yaani sehemu inayokiumba kitu kipya na kukipa sifa zake za mwanzo. Konstrakta hiyo ilidai jina, alama sita, jumla, wastani na daraja. Tulimwomba mwalimu kile ambacho mashine ingekipata yenyewe, kisha tukakipokea bila kukikagua. Kitu kikazaliwa kikijipinga: alama zasema 201, jumla yasema 102.

Tuliifanya konstrakta ipokee jina na alama tu, ikatae alama iliyo chini ya 0 au juu ya 50, halafu ijumlishe yenyewe na kuhifadhi jibu. Tukaridhika, tena mapema mno. Mwalimu wa Hisabati aliposahihisha 22 ikawa 27, jumla ilibaki 201, kwa kuwa ilihesabiwa mara moja tu, kitu kilipoumbwa. Ndipo tulipoacha kabisa kuhifadhi jumla. Sasa huhesabiwa kila inapoulizwa, na wastani na daraja vivyo hivyo. Kwa namba sita, kazi hiyo haiichoshi kompyuta.

Mwanachuo mwingine aliuliza kwa nini konstrakta isifungue pia faili la alama. Tulimzuia. Faili laweza kukosekana, au kuwa na mstari mtupu. Tena ingetulazimu kutengeneza faili zima ili kumjaribu mtoto mmoja wa kubuni. Usomaji huo tumeupa mbinu yake, ambayo husoma, husafisha, ndipo huiita konstrakta ikiwa na alama zilizo tayari.

Karatasi mpya tuliipeleka Bahi kwa mkono. Mama aliijumlisha tena kabla ya kuikunja.