Nyumba Yetu Ina Watu Wangapi?

Mdogo wangu,

Ujumbe wako wa sauti ulinifikia Jumanne nikitoka zamu ya usiku. Ulikuja vipande vitatu, cha pili kikatangulia cha kwanza, lakini nimekuelewa. Unataka nikupe nywila ya filamu ninazolipia hapa Cedar Rapids, kisha nikutumie pesa ya antena ya Starlink, ile intaneti ya setilaiti, ili ufungue kibanda cha kuonyesha mpira hapo Nyankunde, kwenye njia ya Marabo. Nakujibu gazetini kwa sababu najua huombi peke yako, wala siombwi peke yangu.

Nywila sikupi, na usiseme yaya amekuwa mchoyo. Mwaka 2023 Netflix walianza kuwabana wanaogawana akaunti, na kampuni nyingine zikafuata njia hiyo hiyo. Akaunti ni ya nyumba moja, wanasema, yaani watu wanaoishi chini ya paa moja. Niliposoma hivyo nilicheka peke yangu jikoni. Ada yako ya shule, dawa za mama, mabati ya mjomba, vyote vilitoka mfuko mmoja. Kwa hesabu ya kwetu hiyo ni nyumba moja. Kwa hesabu yao nyumba ni mimi na watoto wangu wawili. Basi, na sisi watatu wenyewe jioni hatuonani. Mkubwa yuko chumbani na michezo yake, mdogo ana katuni kwenye simu, mimi nasinzia mbele ya televisheni inayoniuliza kama bado natazama.

Ndiyo maana intaneti ya huku inazidi kunenepa. Filamu yenye picha safi inahitaji megabiti 5 kwa sekunde, na ile ya 4K, ambayo macho yangu hayaoni tofauti yake, inahitaji 15. Lakini Machi 2024 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani ilipandisha kipimo cha intaneti ya nyumbani inayostahili jina hilo kutoka megabiti 25 hadi 100. Mtu mmoja hana macho ya kula megabiti 100. Zinaliwa na watu wanne katika vyumba vinne, kila mmoja na kioo chake. Mei 2025 Wamarekani walitumia muda mwingi zaidi kwenye filamu na vipindi vya mtandaoni kuliko kwenye televisheni ya antena na ya kebo zikijumlishwa, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea. Na kulipa tunalipa. Serikali ilikuwa na ruzuku ya dola 30 kwa mwezi kwa familia za kipato kidogo, zaidi ya milioni 23 zikiwamo. Fedha zilikwisha, na Juni 2024 ikafungwa. Bili yangu unaweza kuikisia.

Mara moja tu nimeona jengo letu likitazama kitu pamoja. Tarehe 10 Agosti 2020 upepo uliupiga mji huu kana kwamba una kisasi nao; miti ikalala juu ya nyumba, nguzo zikakatika, umeme na intaneti vikapotea kwa siku nyingi. Tulichaji simu kwenye magari, kama mnavyochaji kwa yule kijana wa sola. Jirani mmoja alikuwa na jenereta na filamu za zamani kwenye diski. Akatoa televisheni nje. Watu ambao kwa miaka miwili nilikuwa nawapungia mkono tu wakaleta viti. Umeme uliporudi, kila mtu alirudi ndani na mlango wake.

Sasa kibanda. Najua kwamba Mei 2025 Starlink ilipata ruhusa rasmi Kongo, baada ya kupigwa marufuku mwaka uliotangulia, na najua rezo ya simu hapo inavyowamalizia mega kabla wimbo haujaisha. Ila umepiga hesabu ya umeme? Antena ya kawaida hula kama wati 75. Paneli yako ni ya wati 100. Jua zuri la saa tano likupe wati-saa 500, na hapo betri haijachukua chake. Washa antena kwa saa tano, 375 zimekwenda. Kilichobaki kinaendesha televisheni ya wati 50 kwa saa mbili na nusu. Mechi ya Ulaya inayoanza saa nne usiku kwenu, ikiwa siku ile mvua ilinyesha mchana, itakuachia watu sitini gizani wanaodai pesa yao.

Kisha kuna jambo ambalo muuza antena hatakuambia. Mpira wa intaneti unachelewa. Setilaiti yenyewe iko chini, kama kilomita 550 tu, haina kosa. Video hukatwa vipande vya sekunde chache, na kifaa chako huweka akiba ya vipande kadhaa kabla ya kuonyesha ili picha isigande. Nusu dakika inapita hivyo. Watu wa kibanda cha upande wa pili wa barabara, chenye dishi la zamani, watapiga kelele za goli wakati kwako mshambuliaji bado yuko katikati ya uwanja. Wateja wako watakukimbia wote kabla ya mapumziko.

Hata hivyo sikatai antena. Ninachokataa ni kuinunua kwa ndoto za Cedar Rapids. Wewe hukuwahi kuisikia foni ya misheni, ile redio ya kuongelea, kabla ya vita vya Septemba 2002 hapo Nyankunde. Mtu mmoja akiongea, vituo vyote vya mawimbi yale vilisikia, na kila aliyesikia aliweza kujibu. Filamu inashuka tu. Kinachonikosesha usingizi ni kile kinachopanda: wanafunzi wa uuguzi wanaotaka kumwuliza mwalimu aliye mbali, kwaya inayotaka kuimba Bunia wasikie, mama anayetaka kuniona. Weka antena moja kwa mtaa mzima, mchangiane paneli na betri. Usiku wa manane, watu wamelala, shusha masomo na filamu zinazoruhusiwa, uzihifadhi kwenye diski. Mchana wagawie watu kwenye memori zao bila kula mega hata moja. Serikali ilipozima intaneti nchi nzima tarehe 31 Desemba 2018, karibu wiki tatu, kilichokuwa kwenye memori kilibaki kwenye memori.

Nimetuma nusu ya pesa. Nunua betri kwanza na paneli ya pili, unipigie picha ya risiti, tafadhali, si ya kiatu kipya. Nusu nyingine itakuja antena ikishapata wachangiaji watano wenye majina.

Na Jumapili saa kumi jioni kwenu, kwangu ikiwa saa tatu asubuhi, nitapiga. Mara ya mwisho picha ya mama iliganda akiwa amefumba macho, na kwa dakika mbili nilizungumza na kope zake. Mkalishe nje, kwenye mwanga, na umwambie asiweke kidole juu ya kamera.

Yaya wako