Barua kutoka New Orleans: Mbawa za Madirisha ya Kale

Dirisha la nyumba ya kale ya New Orleans, katika jimbo la Louisiana kusini mwa Marekani, lina mbawa mbili za mbao zinazofungukia nje. Ubawa wa luva una fremu nzito, na katikati yake vibao vyembamba vimelazwa mshazari ili vipitishe upepo huku vikizuia jua na mvua. Ubawa usio na luva ni mbao nzima zilizosimamishwa wima na kukazwa kwa mbao za kukingama, nao huwekwa pale panapohitaji kinga dhidi ya dhoruba na wezi. Madirisha mengi ya huko yanashuka hadi sakafuni, hivyo ubawa mmoja huweza kuzidi mita 2 kwa urefu. Aliyekulia Mji Mkongwe wa Unguja ataitambua kazi hiyo bila kuelezwa. Joto la New Orleans ni la pwani na unyevu wake ni wa pwani, na nyumba isiyopumua huota ukungu.

Viyoyozi vilipoenea baada ya Vita Kuu ya Pili, madirisha yalifungwa na mbawa zikakosa kazi. Nyingine ziling'olewa, na nyumba kadhaa zikabandikwa mbawa za plastiki zisizofunga chochote. Kisha kikaja kimbunga Katrina, tarehe 29 Agosti 2005, ambapo karibu asilimia 80 ya jiji iliingia maji. Nyumba nyingi zilibomolewa, na mbao zake zikaishia jalalani au kwa wauzaji wa vifaa vya ujenzi vilivyokwisha kutumika. Wauzaji wa namna hiyo bado wapo. Mojawapo ni The Green Project, asasi isiyo ya faida inayopokea milango, mbawa, bawaba na hata rangi zilizobaki, kisha kuziuza kwa bei ambayo mtu wa kawaida anaimudu.

Thamani ya ubawa wa kale inaanzia kwenye mti wenyewe. Mbawa nyingi zimetengenezwa kwa saipresi ya kinamasi. Hii si saipresi ya Lushoto wala ya Limuru. Ni mti mwingine, unaoota katika maji ya vinamasi vya bonde la Mississippi na kupukutisha majani kila majira ya baridi. Mwaka 1876 serikali ya Marekani ilifungua njia ya kuuza kwa bei ya kutupa ardhi zake za kusini. Kampuni za mbao zikaingia vinamasini na, kati ya miaka ya 1890 na 1930, zikaangusha karibu misitu yote ya kale, pamoja na miti iliyokuwa na umri wa mamia ya miaka. Louisiana iliifanya saipresi hiyo kuwa mti rasmi wa jimbo mwaka 1963, wakati misitu ile ilikuwa imekwisha zamani. Kwa hiyo mbao zilizomo ndani ya ubawa uliotupwa kando ya barabara hazipatikani tena msituni. Mti wa kale ulikua polepole, na pete zake zimebanana kiasi kwamba ni vigumu kuzihesabu kwa macho. Moyo wake una mafuta ya asili yanayozuia kuoza. Hata mchwa wa Formosa, walioingia kupitia bandari za Marekani baada ya vita na kuigharimu New Orleans nyumba nyingi, hupata tabu kuutafuna, ingawa si kwamba hawauwezi kabisa. Mbao hizi zililowa katika mafuriko, zikakauka na kurudi katika umbo lake, wakati mbao za kubandikwa kwa gundi zilivimba na kuachana.

Kabla ya msasa kugusa ubawa, sharti rangi yake ichunguzwe. Marekani ilipiga marufuku rangi za nyumba zenye madini ya risasi mwaka 1978. Ubawa uliopakwa rangi kabla ya mwaka huo uhesabiwe kuwa na risasi mpaka kipimo kithibitishe vinginevyo. Tabaka za chini kabisa, zilizopasuka kama ngozi ya mamba, ndizo za kutiliwa shaka zaidi. Madini haya huharibu ubongo wa mtoto unaokua, na hakuna kiwango chake katika damu ya mtoto kinachojulikana kuwa salama. Katika jiji hili jambo hilo lina historia ya kuumiza: Howard Mielke, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Tulane, alitumia miaka mingi kupima risasi katika udongo wa mitaa ya New Orleans, na kazi yake ilionyesha jinsi sumu inavyojikusanya katika mitaa ya kale ambako watoto hucheza.

Kwa sababu hiyo rangi ya kale haipigwi msasa ikiwa kavu, wala haichomwi kwa moto. Joto linalozidi nyuzi 590 hivi za Selsiasi hugeuza risasi kuwa mvuke unaoingia moja kwa moja mapafuni. Mafundi wengi wa mbawa hutumia sanduku la mvuke. Ubawa mzima huingizwa humo, na baada ya muda wa kama saa moja rangi hulainika na kukwanguka ikiwa bado na maji, bila kutimua vumbi. Njia hii inafaa luva kuliko nyingine yoyote, kwa kuwa hakuna msasa unaofika kwenye pembe zote za vibao thelathini au arobaini bila kuvila. Asiye na sanduku hutumia dawa ya kulainisha rangi, hutandika plastiki chini, hunyunyiza maji kila anapokwangua, na huvaa barakoa yenye vichujio vya vumbi laini, si ya kitambaa. Nguo za kazi hufuliwa peke yake. Mjamzito na watoto hawakai karibu na kazi hii hata kidogo.

Ubawa uliosafishwa huachwa kivulini mpaka ukauke kabisa, ndipo ukarabati uanze. Viungo vyake ni ulimi ulioingizwa tunduni na kufungwa kwa kigingi cha mbao. Kiungo kikilegea, kigingi hutolewa na kingine kuchongwa, bila haja ya bamba la chuma. Sehemu ya kuoza kwanza ni ukingo wa chini, ambako maji hukaa. Palipooza hukatwa na kuungwa kipande cha mti wa aina ile ile.

Ubawa uliokarabatiwa huweza kupewa kazi nyingine. Ndani ya nyumba, mbawa tatu au nne zikiunganishwa kwa bawaba huwa kiambaza cha kukunja, na pengine hii ndiyo kazi mpya inayozifaa zaidi. Hugawa chumba na kusitiri kitanda huku zikiacha upepo upite, kama zilivyokuwa zikifanya dirishani. Mbawa mbili ndefu zikilazwa ukutani huwa kichwa cha kitanda. Ubawa mfupi wa luva ukitundikwa jikoni hushika vifuniko vya sufuria, na sebuleni hushika barua na magazeti. Meza ya ubawa yenye kioo juu hupendwa sana madukani, lakini vumbi hujaa kati ya luva na kusafisha ni taabu ya kila wiki.

Bustanini mbawa zinafaa kupandishia mimea inayotambaa, kufichia mapipa ya taka, au kutundikia vyungu vya maua. Hazifai kuwa kingo za tuta la mboga, hata zikiwa zimekwanguliwa, kwa sababu masalia ya risasi hubaki ndani ya vinyweleo vya mbao na huweza kuingia udongoni. Ubawa wa bustanini uinuliwe juu ya matofali usiguse ardhi, upakwe mafuta ya kitani au rangi mpya ya nje, na ukingo wake wa chini upakwe mara mbili.

Hata hivyo, pale dirisha la asili lingali limesimama, kazi bora kuliko zote ni kuurudisha ubawa kwenye bawaba zake. Katika French Quarter, mtaa wa kale wa jiji hilo, mabadiliko ya nje ya nyumba huhitaji idhini ya tume iitwayo Vieux Carré Commission, iliyoundwa miaka ya 1930, na mwenye nyumba huko hutafuta mbawa za kale zenye vipimo vya dirisha lake kwa udi na uvumba. Ndiyo maana fundi anayeupa ubawa kazi ya muda hutumia skurubu badala ya gundi, hakati urefu wake, na huziacha bawaba na makomeo ya chuma mahali pake. Baadhi ya maseremala wa zamani walichonga namba kwa patasi ukingoni mwa ubawa na nyingine kama hiyo kwenye fremu ya dirisha lake. Namba hiyo haijazwi pati wala kufunikwa kwa rangi nzito.