Mpishe Mwenye Mzigo

Ndugu msomaji, mimi ni mzaliwa wa Kwihara, kijiji kilicho kilomita chache kutoka mjini Tabora, na kwetu hakuna bahari. Maji tuliyoyajua utotoni ni ya kisima na ya bwawa, na mtoto aliyekwenda kuogelea bila ruhusa alirudi akijua kuna fimbo. Kwa hiyo ruksa kucheka nikikusimulia kwamba Agosti moja, nikiwa na umri wa miaka 46, nilifungwa kishada kikubwa kiunoni katika pwani ya Paje, Unguja, na nusura nimdhuru mama wa watu.

Lakini nianze na njia. Kwihara ilikuwa kituo katika njia kuu ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji. Wageni huja kulitazama tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872. Bibi yangu hakuwa na habari nao sana. Yeye alitufundisha adabu ya njia: kijia ni chembamba, na ukikutana na mtu mwenye mzigo kichwani, wewe mikono mitupu ndiwe unayeingia majanini, hata kama mwenye mzigo ni mtoto mdogo kuliko wewe.

Katika siku za misafara mambo yalikuwa mengine. Richard Burton, Mwingereza aliyefika Tabora mwaka 1857, ameandika kwamba misafara miwili ilipokutana, viongozi wake walisogeleana kwa madaha kisha wakagongana vichwa kama kondoo dume, na watu wao wakafuata kwa kusukumana. Pasipokuwa na chuki yakaisha kwa vicheko; hata hivyo msafara dhaifu ndio uliotoa kijizawadi na kuwapisha wenye nguvu.

Sasa twende Paje. Mpwa wangu huko hufundisha mchezo wa kuteleza juu ya maji kwa ubao, huku mchezaji akivutwa na kishada, ambacho wengine huita tiara. Usidhani ni kile cha karatasi cha watoto. Hiki humnyanyua mtu mzima akaruka juu ya maji, na kamba zake hufika mita 20 au zaidi. Kusi inapovuma, kati ya Juni na Septemba, anga ya Paje hujaa vishada kama kundi la ndege.

Siku mbili za kwanza sikuingia majini. Nilifundishwa adabu tu. Anayetoka ufukoni kwenda majini hupishwa na anayerudi. Anayekuja nyuma humwepuka aliye mbele. Wawili wakikabiliana, aliyetanguliza mkono wa kulia huendelea na njia yake, wa kushoto akampisha. Wakipishana, aliye upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, hukiinua kishada chake juu, na aliye demani hukiteremsha, ili kamba zisikutane. Anayetaka kuruka hutazama kwanza nyuma na demani, maana huko ndiko upepo utakakompeleka kutua.

“Na ukichanganyikiwa, mjomba,” mpwa wangu akasema, “achia ule mti wa kushikia. Kishada kitapoteza nguvu. Usiung'ang'anie.”

Nilimjibu kwamba nimeelewa. Mtu mzima haelewi kwa masikio.

Siku ya tatu maji yalikuwa yanaanza kujaa. Saa hizo, ndugu msomaji, ndizo zenye hatari kuliko zote pale, nami naona hazizungumzwi vya kutosha. Maji yanapokupwa, bahari ni ya wakulima wa mwani, wengi wao wanawake, ambao kilimo chao kilianza kwa biashara huko Paje na Jambiani mwaka 1989. Yanapojaa, bahari ni ya wenye vishada. Katikati kuna muda ambapo wote wamo: mama anamalizia kufunga mwani, ameinama, mgongo ameupa upepo, na mchezaji mwenye pupa ameshaona maji yanamtosha.

Mimi nilikuwa mwenye pupa. Upepo ukanivuta demani, na badala ya kuachia ule mti nikaushika kama mtu anayeporwa. Kishada kikaangukia kwenye shamba, na kamba zikapita zikiwa zimekazwa, kimo cha shingo ya mtu. Mama mmoja aliinama kwa bahati tu, au kwa mazoea. Kamba iliyokazwa namna ile hukata nyama. Vigingi viwili viling'oka na safu nzima ya mwani wake ikakatika.

Akanijia polepole, maji yakimfika magotini. “Baba, hicho kishada chako kina macho? Maana wewe huku hukutazama.”

“Niwie radhi, mama,” nikasema. Sikuwa na la kuongeza.

Usiku ule sikulala vizuri. Niliwaza kwamba zile kanuni za kulia na kushoto ni za wachezaji kwa wachezaji; yule mama hakuulizwa, wala hawezi kupisha, kwa sababu shamba lake limefungwa chini. Nimewahi kumsikia mgeni mmoja akinung'unika kwamba vigingi vinamharibia mchezo. Vigingi vilitangulia. Huko ni kurudi kwenye vichwa vya kondoo dume, isipokuwa mmoja kati ya hao wawili hana pembe.

Maji yalipokupwa kesho yake nilikwenda shambani kwake na mpwa wangu, tukiwa na vigingi vipya na fedha za kamba. Fedha alizipokea bila kuzihesabu, akatupa kazi. Tulifunga vipande vya mwani hadi vidole vikafa ganzi. Vyake vilikuwa vimekwisha kumaliza safu mbili nami sijafika nusu ya moja.

Maji yalipoanza kurudi alijaza gunia, akajitwika, akaelekea ufukoni kwa kijia kilicho kati ya mashamba. Mimi nilikuwa nakuja upande wake, mikono mitupu. Nikatoka njiani, nikasimama kwenye maji mpaka apite.

“Ahaa,” akasema bila kugeuza kichwa, “kumbe unajua.”