Wengi Walitamani Kuiona Siku Hii

Mimi ni mtoto wa Tanga. Milima ninayoijua ni ya Usambara, ile inayoonekana ukiwa Muheza, inayotushushia mboga na matunda. Sikuwahi kufikiri kwamba mlima unaweza kumfuata mtu kitandani.

Huko Hanang, mkoani Manyara, ndivyo ilivyokuwa. Alfajiri ya tarehe 3 Desemba 2023, Jumapili ya kwanza ya Majilio, baada ya mvua kubwa, sehemu ya Mlima Hanang iliporomoka. Tope, mawe na magogo vikashuka mpaka mji wa Katesh na vijiji vya jirani kama Gendabi. Zaidi ya watu 80 walikufa. Sisi usharikani asubuhi ile tulikuwa tukiimba nyimbo za kungojea ujio wa Bwana, hatuna habari.

Siku kumi baadaye, Jumatano, watu kumi na wanne wa usharika tulijipakia kwenye Kosta kwenda Hanang, kabla ya adhana ya alfajiri. Tulibeba unga, maharage, mablanketi, sabuni na khanga. Akina mama wa kwaya waliongeza gunia la nazi. Nikamwuliza mwenyekiti wao, nazi za nini? Akanitazama kama niliyeuliza chumvi ni ya nini. "Mtu amefiwa, halafu umpe maharage makavu hivyohivyo?"

Nilikuwa sijawahi kuvuka Korogwe, kwa hiyo niling'ang'ania dirisha. Mkonge ulipanga mistari, ukapotea. Same ikaja na ukame wake. Moshi tulimkosa Kilimanjaro, alikuwa amejifunika mawingu kama bibi harusi asiyetaka kuonwa. Tukapita Arusha, kisha Makuyuni, na usiku tukalala Babati. Baridi ilikuwa kali kiasi kwamba nililala na soksi, jambo ambalo mama yangu angesema ni dalili ya homa.

Alhamisi asubuhi ndipo nilipouona mlima wenyewe. Usambara ni milima ya ukoo, imeshikana mabega kama ndugu msibani. Hanang umesimama peke yake, zaidi ya mita 3,400, kichwa kimo ndani ya wingu. Ubavuni kulikuwa na michirizi mirefu ya udongo, mithili ya mtu aliyeparurwa na kucha. Kwa kuwa ni mlima wa volkano ya zamani, mimi nilishaamini ulikuwa umelipuka. Sivyo. Serikali ilieleza kwamba miamba dhaifu ya sehemu ile ilinyonya maji ya mvua mpaka ikashindwa kujishikilia. Nikakumbuka kipande cha mkate unachokichovya kwenye chai, ukazama katika mazungumzo, ukishtukia kimeanguka.

Katesh nilitarajia kukuta maji. Mafuriko ya kwetu huja, hutuama, kisha hupwa, nawe ukaanika godoro. Bahari imetuzoeza hivyo, kwamba kinachojaa kitapwa. Tope la Katesh lilikuwa limekuja kukaa. Lilijaa vyumbani mpaka madirishani. Mawe makubwa kama majokofu yalikuwa katikati ya njia, na magogo yaliyochunwa magome yamelala meupe kama muhogo uliomenywa. Wanajeshi na mitambo walikuwa wakifukua. Hakuna aliyepiga kelele. Hilo lilinishangaza zaidi, kwa maana msiba wa kwetu husikika mtaa wa pili.

Halafu kuna aibu yangu. Nilimwona mzee mwenye shuka na fimbo, nikamsalimia kwa furaha kama Mmasai. "Mimi ni Mbarabaig," akanijibu, akicheka taratibu. Nikajifunza kwamba hapo wapo Wabarabaig, na pia Wairaqw ambao wengi tunawaita Wambulu, na kwamba nchi yangu siijui.

Mwinjilisti wa huko alitupeleka kwenye boma la bibi mmoja aliyepokea familia mbili za ndugu zake. Tulikwenda kuwalisha, tukakuta makande yako jikoni yakitusubiri. Ndipo mwenyekiti wa akina mama akapaza sauti, "Jamani, leteni mbuzi!" Watoto wakatimka mpaka kwenye gari. Kikashushwa kile kiti kidogo cha kukunia nazi, chenye ulimi wa chuma. Mtoto mmoja akakizunguka mara mbili, akauliza, "Mbona hana kichwa?" Hapo ndipo nilipokisikia kicheko cha kwanza tangu tufike. Tui likatiwa kwenye makande. Bibi akaonja, akafikiri, akatoa hukumu: "Ni matamu. Lakini yananukia mafuta ya kujipaka."

Ijumaa tulishika mabeleshi na matoroli. Tope lile lilikuwa kama uji uliopoa, juu lina ngozi kavu, ukilikanyaga unazama. Nusu siku, vijana sita, tulitoa nusu ya chumba kimoja. Mimi nilikuwa na daftari dogo la mistari ya faraja niliyoiandika Tanga, nikingoja nafasi ya kuisoma. Beleshi langu likagonga sufuria. Kisha likatoa ndala moja, kisha daftari la hisabati, kurasa zimegandana. Baba mwenye nyumba akalichukua, akalifuta jalada kwa kidole gumba, akaliweka juu ya jiwe lipate jua. Hatukumwuliza ni la nani. Daftari langu sikulitoa mfukoni tena.

Jumamosi jioni tulirudi bomani kuaga. Mchungaji wetu akaniambia mimi, katibu wa usharika, "Katibu, tuombee." Niseme ukweli, kwa kufungua vikao kwa sala nina sifa, na sifa yenyewe naipenda. Nikafumba macho, maneno yakaja yenyewe kama kawaida: "Baba, tunakushukuru kwa kutuamsha salama. Si kwamba sisi ni wema kuliko wengine, kwani wengi walitamani kuiona siku hii lakini..."

Nikakwama. Maneno hayo nimeyasema kwenye kwaya, kwenye kamati za harusi, hata kwenye kikao cha kununua spika. Hao "wengi" sikuwahi kuwafikiria, walikuwa kama chumvi ya sala tu. Uani pale walikuwa na majina. Mmoja wao pengine alikuwa na daftari la hisabati.

Kimya kikawa kirefu. Kuku wakapita katikati yetu. Kisha bibi, kwa sauti ndogo, akaipokea sala pale nilipoiangusha: "Hao unao wewe, Baba. Watunze. Na sisi tuliobaki tupe nguvu ya kesho. Amina." Haikuzidi pumzi mbili.

Nikamfuata jikoni. "Shikamoo, bibi. Naomba unisamehe."

"Marahaba. Nikusamehe nini, mwanangu?"

"Maneno yangu ya pale."

Akageuza kuni. "Umesema kweli," akasema. "Walitamani."

Njiani kurudi Kosta haikuwa na nyimbo nyingi. Kilimanjaro safari hii alijifunua, theluji yote nje, na mimi nikajikuta namtazama kwa mashaka kidogo.

Watu huniuliza kama safari ile imekuza imani yangu. Mimi ninachoweza kuonyesha ni kwamba sala zangu zimekuwa fupi. Jumapili iliyofuata, tarehe 24 Desemba, waliniita tena kufungua mazoezi ya kwaya. Nikashukuru kwa kuamka salama. Nilipofika kwenye "wengi" nikanyamaza, nikawangoja wapite. Jirani yangu akanigusa kiwiko, akaninong'oneza maneno yanayofuata, akidhani nimeyasahau.