Mahari ni Yako, Wewe Huna Bei



Leo naanza kwa kujisema mwenyewe. Mdogo wangu wa mwisho ameposwa. Kijana ni mvuvi wa Jibondo, ana dini yake, ila mashua hana, anakwenda baharini kwa watu. Wazee walipokaa, mimi ndiye niliyewahi kuuliza: "Ana nini?" Sikuuliza habari ya swala wala tabia. Mdogo wangu akanitazama, akasema: "Dada, kile kitabu chako umekisahau?"

Kitabu chenyewe ni Vuta N'kuvute cha Shafi Adam Shafi, kilichotoka mwaka 1999. Niliazimwa na binamu yangu aliyekuwa kidato cha sita, nami nikiwa najifunza ushonaji. Yasmin, binti wa Kihindi wa Unguja zama za ukoloni, anaozwa akiwa na miaka 15 kwa Bwana Raza, mwenye duka, mtu wa miaka 52. Moyo wake haukuulizwa. Biashara ya mume inapodorora wanahamia Mombasa, naye anachukuliwa kama bidhaa nyingine za dukani. Anapotoroka na kurudi Unguja, watu wake mwenyewe wanamfungia mlango. Anayempokea ni Mwajuma wa Ng'ambo, asiye na mali yoyote.

Nililia niliposoma pale. Nikaona kumbe heshima aliyokuwa akipewa Yasmin ilikuwa ya duka la mumewe. Alipoliacha duka, na heshima ikabaki hukohuko.

Nilimlaumu sana aliyemwoza. Na sasa, kwa swali langu moja tu, nimekaa mahali pake.

Dada zangu, dini yetu imeliweka wazi jambo hili. Katika Suratun Nisaa, aya ya 4, Mwenyezi Mungu ameamrisha wanawake wapewe mahari yao. Ni haki ya mke. Kilemba cha baba na mkaja wa mama ni mila zetu za pwani, ni nzuri zikiwa nyepesi, lakini zisiimeze mahari ya binti. Yupo sahaba ambaye hakuwa na kitu, hata pete ya chuma aliikosa, Mtume (s.a.w.) akamwoza kwa Qur'ani aliyoihifadhi. Na Khansaa bint Khidaam alipoozwa na baba yake bila ridhaa, Mtume (s.a.w.) aliivunja ndoa ile.

Hapa Kilindoni nashona nguo za harusi, nami nayaona mengi. Bibi harusi mmoja alisimama mbele yangu nikimpima, kila ninachouliza anajibu shangazi yake, hata urefu wa mkono wa gauni. Binti kimya. Tumefundishwa kwamba kimya cha mwali ni idhini. Ni kweli, lakini ni kimya cha haya, si kimya cha hofu. Tangu siku ile bibi harusi nampima peke yake. Shangazi anasubiri barazani. Wengine huongea mambo ambayo nyumbani hawajapata nafasi ya kuyasema.

Sisemi fedha si kitu. Mimi ni mfanyabiashara, najua bei ya unga. Kumlisha na kumvisha mke ni wajibu wa mume, na kuuliza atawezaje si tamaa. Bibi Khadija (r.a.) alikuwa tajiri, na alichokitazama kwa Mtume (s.a.w.) kilikuwa uaminifu wake.

Basi nilimwomba radhi mdogo wangu, nikakaa na yule kijana tena. Nikamuuliza swala zake, madeni yake, na bahari ikichafuka wiki mbili watakula nini. Hakunificha. Ana deni la nyavu na analilipa kidogokidogo. Bahari ikikataa, anakwea minazi ya watu.

Mdogo wangu ametaja mahari yake mwenyewe: cherehani. Wamekubaliana nusu ya fedha itolewe siku ya nikahi, nusu baadaye, na imeandikwa. Cherehani litakuwa lake, si langu wala si la baba.

Mwali unayesoma hapa, kabla hujaja kupimwa gauni, jiulize: nimeulizwa? Nimejibu mwenyewe? Mahari yangu naijua? Kama jibu ni hapana, sema sasa, gauni halijakatwa.

Allah atujaalie waume wema na riziki ya halali. Aamin.