Mkono Ule Ule

Nilinyang'anywa fedha za alizeti mwezi wa Juni mwaka 2016, saa kumi na mbili jioni, katika barabara moja ya vumbi wilayani Iramba, mkoa wa Singida. Wezi walikuwa watatu. Wawili walikuwa na mapanga, na wa tatu alikuwa na gobore, ile bunduki ya kushindilia baruti mdomoni. Nina hakika hata yeye mwenyewe aliiogopa, maana aliishika kama mtu aliyeokota nyoka. Hawakunipiga. Walichukua mkoba, wakachukua simu yangu na ya kijana wangu wa mizani, kisha mmoja wao akaniambia, "Pole, mzee," wakaingia porini. Ile pole iliniuma kuliko fedha.

Msomaji asiyeijua biashara hii aelewe kwamba mnunuzi wa alizeti hana budi kuzunguka na fedha taslimu. Ndiyo, siku hizi fedha hupita kwenye simu, lakini mkulima aliyevuna gunia kumi kijijini kwake, ambako wakala wa simu ni mmoja na fedha humwishia kabla ya saa nne asubuhi, anataka noti azihesabu mwenyewe. Usipokuja nazo, anamwuzia mwenzako. Kwa hiyo kila msimu nilikuwa barabarani na mkoba, na kila mtu alijua niko barabarani na mkoba. Nikaamua kununua bastola.

Nilidhani jambo lenyewe ni fedha na fomu. Sheria inayotumika Tanzania ni ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, na mimi nilikuwa nimejiandaa kwa maofisa wa polisi, alama za vidole na maswali ya ofisini. Sikujiandaa kwa majirani zangu. Maombi yangu yalianzia mtaani, mbele ya kamati ya watu wanaonijua toka nikiwa sina hata baiskeli. Tulikaa kwenye mabenchi chini ya mwarobaini. Mwenyekiti alisoma barua yangu, wajumbe wakatikisa vichwa kwa huruma walipofika kwenye habari ya gobore, na nikaona mambo yamekwisha.

Akabaki mama mmoja mtu mzima, mwalimu mstaafu. Alikuwa akiandika muhtasari. Alivua miwani.

"Shikamoo, mama," nikasema, kwa sababu niliona ananitazama.

"Marahaba, mwanangu. Nina swali moja tu. Yule kijana uliyempiga kofi pale mashineni, alikukosea nini?"

Nilikuwa nimesahau. Au tuseme nilikuwa nimeamua kusahau. Miaka miwili kabla ya hapo, kwenye mashine ya kukamua mafuta, mpagazi mmoja aliangusha gunia langu likapasuka, nikamzaba kofi mbele ya watu. Mpagazi alikuwa na umri wa mwanangu wa pili. Nikamjibu yule mama kwamba ilikuwa hasira tu ya siku moja.

"Siku hiyo moja mkono wako ulikuwa mtupu," akasema, akavaa miwani yake akaendelea kuandika.

Kamati ikaniambia nirudi baada ya miezi sita.

Nilikwenda nyumbani nikiwa nimefura. Nilimwambia mke wangu kwamba watu wa mtaa huu wana kijicho, kwamba wangependa niuawe porini ndipo waje kula pilau la msiba. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. Akaniuliza, "Sasa baba watoto, kama ungekuwa nayo hivi sasa ulivyo, ungekwenda nayo wapi?" Nikatoka nje. Nilizunguka ule uwanja wa kanisa mara nne au tano hivi.

Yule mpagazi nilimtafuta wiki ya tatu. Alikuwa amehamia kwenye ghala la mfanyabiashara mwingine. Nilimwomba radhi mbele ya wenzake, kwa sababu kofi nalo lilikuwa mbele ya wenzake. Aliona aibu kuliko mimi. Alisema, "Yameisha, mzee," akainua gunia lake. Sijui kama kweli yaliisha. Nimeandika hili si kwa kujisifu. Nilikwenda kwa sababu nilitaka bastola, na ukweli huo ninauacha hapa kama ulivyo.

Basi nikapitishwa, karatasi zikapanda kata, wilaya, na kwingineko, na mwaka 2018 nikasafiri hadi Dar es Salaam kununua. Niliuziwa CZ 75, bastola ya Kicheki ya milimita 9, ya chuma kitupu, yenye uzito wa karibu kilo moja kabla hujatia risasi hata moja. Mwenye duka alinionyesha nyingine nyepesi zaidi. Nilichagua ile nzito kwa sababu ambayo leo naiona ya kitoto: ilionekana ya kiume. Mgongo wangu ulilipa.

Mafunzo nilipewa na askari mmoja mstaafu, mtu mkimya, mwenye masikio yaliyoharibiwa na milio. Siku mbili za kwanza hakuniruhusu kugusa risasi. Alinifundisha kwanza kuondoa magazini, ndipo nivute chuma cha juu, ndipo nitazame chemba kwa macho, kisha nitie ncha ya kidole kuhakikisha. Alirudia mpangilio huo mpaka nikachoka, akanieleza kwa nini: mtu akivuta kwanza halafu ndipo aondoe magazini, risasi moja imekwisha kupanda na kukaa chembani, naye ameshika magazini mkononi akiamini silaha ni tupu. Hivyo ndivyo watu wanavyoua ndugu zao sebuleni wakisema haikuwa na risasi.

Kisha akaweka sarafu ya shilingi mia juu ya bastola tupu, karibu na mdomo, akaniambia nivute kifyatulio, yaani triga kama wasemavyo askari, bila sarafu kuanguka. Ilianguka. Ilianguka asubuhi nzima. Mwanaume mwenye ghala na magari mawili nilikuwa nikiinama kuokota shilingi mia kwenye mavumbi, naye ananitazama bila kucheka.

Alikuwa na sheria nne, na baadaye nilisoma kwamba ziliwekwa katika mpangilio huo na Mmarekani mmoja, Jeff Cooper, aliyefungua chuo chake cha silaha Arizona mwaka 1976. Kila silaha ihesabu kuwa ina risasi. Usiuelekeze mdomo wake kwa kitu usichokuwa tayari kukiharibu. Kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umelenga. Jua unacholenga na kilichoko nyuma yake. Hii ya nne ndiyo mwalimu wangu aliyoikazia, kwa sababu ya kazi yangu. Risasi ya milimita 9 inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja. Kwenye gulio, alisema, nyuma ya mwizi wako kuna mama anauza nyanya, na nyuma yake kuna shule.

Akanifundisha pia habari ya umbali. Mwaka 1983 polisi mmoja wa Salt Lake City, Dennis Tueller, aliandika kwamba mtu mwenye kisu aweza kukimbia futi 21, yaani kama mita sita na nusu, kwa muda wa sekunde moja na nusu, na kwamba huo ni muda ambao mtu aliyefunzwa huhitaji kuchomoa bastola na kufyatua. Tulijaribu kwa fimbo badala ya panga. Kila mara nilikatwa. Nilirudi nyumbani nikiwa nimejua jambo ambalo wezi wangu wa 2016 walilijua bila kusoma: hata kama ningekuwa nayo siku ile kiunoni, ningeikabidhi pamoja na mkoba.

Nilikuwa nimefikiri sana juu ya kufyatua, sikufikiri hata kidogo juu ya kukaa nayo. Kukaa nayo ndiyo kazi. Utakumbatiana vipi na shemeji msibani? Mjukuu akikurukia mapajani? Ukiingia choo cha hoteli, unaiweka wapi? Nilichomekea shati miaka thelathini, ghafla nikaanza kuvaa mashati marefu nje kama kijana. Nilinunua sefu nikaijengea ukutani kwa zege, ufunguo mmoja kwangu na mwingine kwa mke wangu, na risasi zikakaa kisanduku chao. Bia niliacha msimu mzima wa alizeti, si kwa uchaji Mungu. Nilijua tu kwamba bia na kile chuma havikai kiuno kimoja. Kanisani sikwenda nayo, wala harusini, na mahali nisipoweza kwenda bila hiyo nilijiuliza kama nina haja ya kwenda. Mwaka wa kwanza nilibeba chemba ikiwa tupu. Mwalimu hakupenda wala hakukataza. Alisema, "Beba kadiri unavyojua, siyo kadiri unavyoogopa."

Nikasoma na Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 18B, kinachosema kwamba anayejitetea anaruhusiwa kutumia nguvu ya kiasi tu, ile inayohitajika kwa kujitetea. Niliinakili kwa mkono nikaibandika ndani ya mlango wa sefu.

Sasa nije kwenye jioni ya Julai 2019. Nilikuwa natoka kununua, mkoba uko nyuma ya kiti, na kijana wa mizani amesinzia pembeni yangu. Giza lilikuwa linaingia. Ni barabara nyingine, lakini vumbi ni lile lile na vichaka ni vile vile. Tulipokaribia kona, taa za gari zikamulika matawi yamelazwa barabarani, na gogo, na watu wawili wamesimama. Wote wawili walikuwa na mapanga. Mmoja akainua mkono na kuanza kuja.

Nilisimamisha gari kama mita ishirini kutoka kwao. Sikumbuki kuichomoa. Nakumbuka imekwisha kuwa mkononi, imelala pajani, mdomo umeelekea chini mlangoni, na kidole changu kiko nje, kimenyooka, kama nilivyofundishwa. Nikavuta, chemba ikapokea. Kijana akaamka kwa sauti ile. Kichwani nilikuwa nikihesabu: mita ishirini, kumi na nane, kumi na tano. Futi 21. Nilijua sheria ingenielewa. Watu wawili, mapanga, usiku, barabara imezibwa, na jalada langu la 2016 liko polisi. Hata yule mama wa muhtasari angenielewa, nilifikiri. Na nilipomfikiria yeye nikaona kwamba simjui ninayemtazama. Nilikuwa naona panga, sioni mtu. Nyuma yake kulikuwa na kona, na nyuma ya kona sikujua kuna nini.

Gia ya nyuma ilikuwepo. Niliirudisha bastola kiunoni kwanza, maana hakuna anayerudisha gari kinyumenyume usiku akiwa na bastola mkononi akabaki salama, na hapo mikono ilianza kutetemeka. Tulirudi nyuma mpaka palipo pana, tukageuza, tukalala kijijini kwa mkulima aliyeniuzia. Kabla ya kulala nilitoka peke yangu nyuma ya nyumba nikaondoa magazini, nikavuta, nikatazama, nikatia kidole.

Asubuhi tulipita pale pale. Nyuma ya kona kulikuwa na Fuso limelala upande mmoja, limejaa magunia, na mataa yake yamekufa. Matawi bado yalikuwa barabarani, yale yale ambayo kila dereva wa nchi hii huyalaza gari linapoharibika, ili mwenzake asije akaligonga gizani. Nimeyalaza mwenyewe mara nyingi. Lazima uyakate kwa panga.

Utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, alikuwa anachemsha uji kando ya gurudumu. Alinijia akifuta mikono kwenye suruali.

"Shikamoo, mzee. Jana si nyinyi mlirudi nyuma? Tulitaka jeki tu. Yetu imekatika."

Nikamjibu marahaba. Nikasema tuliogopa. Akacheka, akasema hata wao waliogopa waliposikia gari limesimama na hakuna anayeshuka.

Nikashusha jeki, tukaingia chini ya lori mimi na dereva, na kila nilipojigeuza kile chuma kilinichoma mbavuni. Utingo alishika taya la jeki huku amechuchumaa mbele yangu, shingo yake iko karibu na uso wangu. Alikuwa na kovu dogo nyuma ya sikio. Jeki ilikuwa fupi, wakabaki nayo ili wachimbie chini ya ekseli, wakaahidi kuipeleka ghalani kwangu.

Leseni ilipofika wakati wa kuhuishwa, nilikwenda kwa yule mama nyumbani kwake, kwa kuwa sasa hakuwa tena kwenye kamati. Miguu ilikuwa imemzidi. Nilimweleza yote, na sikuwa nimemweleza mtu mwingine ila mke wangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kama ile jeki ilirudishwa.

Ilirudishwa, nikamwambia, baada ya wiki mbili, na wakaileta na debe la karanga.