Mgeni Asiyepewa Jembe

Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Yuko, hata hivyo, mgeni ambaye hata nukta moja haimaliziki naye: huzuka akatoweka, na nyumba anamopita ni protoni, kiini cha atomu ya haidrojeni.

Kila protoni ni sumaku ndogo. Mwaka 1933, mjini Hamburg, Otto Stern na wenzake waliipima sumaku hiyo, ilhali wanadharia walidhani jibu lake linajulikana. Ikaonekana kuwa na nguvu mara mbili hadi tatu ya ile iliyotarajiwa. Mwaka huohuo Stern, Myahudi, aliihama Ujerumani ya Hitler, akawa mgeni Marekani. Kipimo chake kilikwisha kudokeza kuwa protoni si punje tupu. Ndani mna wakaazi.

Wakaazi hao walielezwa mwaka 1964 na Murray Gell-Mann na George Zweig, kila mmoja kivyake: ndizo kwaki. Wenyeji wa protoni ni watatu, wawili wa aina iitwayo juu na mmoja wa chini. Aina nyingine huitwa ngeni. Haimo katika ukoo wa protoni, ila nishati ya humo ndani huzaa kwaki ngeni pamoja na kinyume chake, kisha zikafutana papo hapo. Je, mpita njia huyu huchangia sumaku ya nyumba?

Wanadharia walihitilafiana: wengine walisema huongeza, wengine wakasema hupunguza. Ikabidi kupima. Elektroni zilirushwa kwenye haidrojeni, mara zikijizungusha kulia, mara kushoto. Kani ya sumakuumeme haibagui mikono. Kani dhaifu hubagua, na tofauti iliyosakwa ilikuwa sehemu chache tu katika milioni. Jaribio la SAMPLE, Massachusetts, lilitoa jibu la kwanza mwaka 1997. Yakafuata ya Mainz, Ujerumani, na ya Virginia, Marekani. Kufikia mwaka 2012 vipimo vilikuwa vimeafikiana: mchango wa mgeni ni mdogo mno, hautofautiki na sifuri.

Stern alikuta zaidi ya alichoambiwa. Hawa walikuta karibu na si kitu. Taabu ni ileile, na faida ni ileile. Kabla ya hapo hakuna aliyekuwa na haki ya kusema kwamba wenyeji ndio waibebao sumaku ya nyumba. Sasa yajulikana, na mgeni aweza kuondoka bila kudaiwa jembe.